Somo la Vigingini

Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu nililipwa mshahara kwa kukaa katika madarasa ya watu wengine na kuwatazama wakifundisha. Nyinyi mnaojiandaa kuifanya kazi hiyo mtaambiwa kuwa ni kazi ya heshima, na mtapewa gari la kuwafikisha huko. Sitaki kuwavunja moyo. Nitawaeleza tu namna ilivyokuwa kwangu, kisha mwamue wenyewe kama mtapanda hilo gari.

Nilihitimu Chuo Kikuu miaka michache baada ya Uhuru, wakati ambapo mtu mwenye digrii alisalimiwa na mkuu wa wilaya kwa mikono miwili. Nilizaliwa huku huku Uasin Gishu, kwa hiyo niliporudishwa Eldoret kama mkufunzi katika tawi la Chuo, watu wa kwetu walidhani nimekuja kutawala. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wazungu walikuwa wakiuza mashamba yao na kuondoka. Makampuni ya wananchi yaliyanunua kwa hisa, na karibu kila shamba lililonunuliwa lilifunguliwa shule hata kabla ya kugawanywa. Shule zilihitaji walimu, na wengi waliopatikana hawakuwa wamesomea ualimu. Chuo kilitakiwa kuwasomesha wakati wa likizo, kuwatembelea muhula ukiendelea, na mwishowe kuleta jopo la kuwatahini. Aliyefaulu alipewa cheti. Aliyeanguka aliachishwa kazi.

Likizo ilipofika, walimu hao walikuja mjini na kulala katika mabweni ya shule ya sekondari tuliyoazimwa. Hebu fikirini watu wazima, wengine wana wake na ng'ombe nyumbani, miguu yao imening'inia nje ya vitanda vya wavulana. Asubuhi waliimba wimbo wa taifa uwanjani kwa sababu mlinzi wa shule hakuwa ameambiwa kwamba wao si wanafunzi, nao hawakutaka kumkosea. Hao ndio watu niliowapenda katika kazi hii. Ninapowaza uchungu wangu wote, huwa naanza kwa kuwaweka hao kando.

Aliyenifundisha mimi kutazama ni mkufunzi mzee aliyeitwa Elkana, ambaye alikuwa amefundisha katika shule za misheni tangu kabla mimi sijazaliwa. Siku yangu ya kwanza nilikaa nyuma kabisa ya darasa nikafungua daftari. Aliponiona, alinivuta mkono hadi nje.

"Wewe ni polisi?"

"Hapana, Mzee."

"Basi kwa nini unaandika kama unachukua statement? Kaa kando, karibu na dirisha. Jifanye unaangalia mvua. Kalamu ikianza kutembea, mwalimu anaacha kufundisha watoto, anaanza kufundisha kalamu."

Alinionyesha pia kwamba jambo la kutazama si mwalimu. Mwalimu ataigiza, na ana haki ya kuigiza, kwa maana mkate wake uko mikononi mwako. Mtazame mtoto aliyekaa mwisho, yule ambaye hajaulizwa swali. Akiwa anachezea kidole chake cha mguu, somo halijafika. Kisha, ukitoka, zunguka nyuma ya shule ukaangalie kuta na milango ya choo. Kama watoto wameandika kwa makaa yale waliyofundishwa, hapo pana mwalimu. Kama hapana kitu ila picha za kondoo, pana mtu anayepokea mshahara. Sijawahi kukiona kipimo hicho katika fomu yoyote ya Chuo, na sijawahi kupata kipimo kilichonidanganya mara chache kuliko hicho.

Mbinu zenyewe zilibadilika kama hali ya hewa ya Timboroa. Mwaka mmoja tuliambiwa hesabu za zamani zimekufa na kwamba sasa ni hesabu mpya, za seti. Tukawafundisha walimu seti, kabla sisi wenyewe hatujalala na kuamka nazo. Mwalimu mmoja wa huko Timboroa alinikaribisha kwake kwa fahari kubwa, akauliza darasa, "Seti tupu ni nini?" na watoto wote wakajibu kwa sauti moja, "Ni stoo ya mzungu!" Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Ofisini niliporipoti jibu hilo, niliulizwa kwa nini sikulisahihisha.

Aliyeuliza hivyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa jopo la watahini. Walimu walimwita Bwana Hatua, naye hakujua. Alikuwa msomi wa kweli, amesoma ng'ambo, amerudi na imani moja: kwamba somo lina hatua, kwamba hatua hizo huandikwa katika andalio kabla ya somo, na kwamba kinachofanyika nje ya hatua hizo si somo. Sisemi kwamba imani hiyo ni ya kijinga. Mwalimu mchanga bila andalio ni mtu anayevuka mto kwa kukisia. Lakini Bwana Hatua alikuwa amefika mahali ambapo alikagua karatasi ya andalio zaidi ya alivyowatazama watoto, na hapakuwa na mtu aliyekuwa juu yake wa kumwambia ainue kichwa.

Sasa niwafikishe kwa Nyambura, kwa maana ni kwa ajili yake ninaandika haya.

Mwalimu Nyambura alifundisha katika shamba moja upande wa Burnt Forest, lililonunuliwa na kampuni ya watu waliotoka sehemu za kati ya nchi. Mjomba wangu wa Cheptiret aliposikia ninakwenda huko kila mwezi, aliniuliza, "Kiprop, hao unaowafundisha si ndio wanatununulia nchi chini ya miguu?" Nilimjibu kwamba mtoto ni mtoto. Alitema mate kando, kisha akanipa maziwa. Hivyo ndivyo tulivyoishi.

Darasa lake lilikuwa banda ambamo mzungu alikuwa akikamulia ng'ombe. Ng'ombe wenyewe waliuzwa pamoja na shamba, na kila alasiri, saa ya kukamuliwa ilipofika, walirudi kwa mazoea na kusimama katika nafasi zao, kati ya watoto. Mara ya kwanza nilipolishuhudia jambo hilo, Nyambura hakukatiza sentensi yake. Alisema tu, "Darasa la tano, wapishe wenzenu," na watoto wakasogea wakiendelea kuandika. Ng'ombe mmoja alilamba ubao.

"Huyo ndiye msaidizi wangu," aliniambia. "Anafuta vizuri, lakini hana cheti. Tuko sawa."

Alikuwa na ulimi mkali, wala hakuwa mtu wa kujishusha. Alikitaka cheti na alisema hivyo waziwazi. Alikuwa amemaliza darasa la nane, akafundisha miaka kadhaa kwa mshahara wa kibarua, na katika mafunzo ya likizo hakukosa hata kipindi kimoja. Alikuwa na makosa yake pia. Aliharakisha. Alimpenda mno mtoto mwepesi na kumsahau mzito. Nilimweleza hayo, naye akanikasirikia siku nzima, kisha ziara iliyofuata nikakuta amewahamishia mbele wale wazito. Nilikuwa na hakika angefaulu.

Tatizo lilitokana na tarehe. Siku ambayo jopo lilipanga kumtahini ndiyo siku ambayo kamati ya kampuni iliitangaza kuwa ya kugawa shamba. Kwa vile nyinyi hamkuziona siku hizo, niwaeleze utaratibu wake. Mpimaji alikuwa amekwisha kupigilia vigingi. Siku ya kugawa, alipita pamoja na kamati kutoka kigingi hadi kigingi, na katika kila kigingi ilipasa mtu wa familia yenye hisa awe amesimama hapo kwa miguu yake. Kigingi kisicho na mtu kilihesabiwa hakina mwenyewe, na nyuma ya kamati kulikuwa daima na msururu wa watu waliokuwa wakisubiri vigingi vya namna hiyo. Familia nyingi zilikuwa na hisa zaidi ya moja, ya baba, ya mama, ya nyanya. Baba wengine walikuwa bado vibarua kwenye majani chai na hawakupewa ruhusa. Kwa hiyo waliosimama vigingini walikuwa watoto. Mtoto alisimamishwa pale alfajiri akaambiwa asiondoke, hata mvua inyeshe, hata aitwe na nani.

Nililijua hilo, nikaomba jopo libadilishe tarehe. Bwana Hatua alinijibu kwamba Chuo Kikuu hakiendeshwi na makampuni ya mashamba. Nyambura naye aliiomba kamati ya kampuni. Alijibiwa kwamba mashamba hayaendeshwi na Chuo Kikuu.

Tulipofika siku hiyo kwa Land Rover, watahini wawili na mimi, banda lilikuwa tupu. Ubao ulikuwa umeandikwa vizuri, andalio la somo liko mezani, limeshikizwa kwa jiwe. Somo lilikuwa la hesabu, kuhusu eneo la mstatili na la umbo lililopinda. Nje, kwenye mteremko wote ule hadi mtoni, watoto wa darasa la tano walikuwa wamesimama mmoja mmoja, kila mmoja na kigingi chake, na Nyambura alikuwa katikati yao amekunja sketi, matope hadi magotini, anafundisha.

Kwa vile hawakuweza kumjia, yeye ndiye aliyewaendea, na pale ambapo hakuweza kufika kwa haraka, swali lilisafiri lenyewe.

"Wanjiku! Uliza Mwangi upande wake wa chini una urefu gani!"

"Mwangi! Mwalimu anauliza upande wa chini!"

"Mwambie ni sawa na wa Kamau!"

"Kamau anasema wake ni mrefu! Anasema Mwangi asijipimie!"

"Kamau, wewe jibu lako, wacha la jirani. Nani yuko karibu na mto? Njeri! Shamba lenu limepinda pale kwa maji. Tutapima aje kitu kimepinda?"

Kisha sauti nyembamba kutoka chini: "Tukate vipande, Mwalimu! Kipande kizuri kwanza, halafu kile kibaya!"

Nimeketi katika madarasa mengi, ya hapa na ya ng'ambo. Sijawahi kuona darasa ambalo kila mtoto, hata yule wa mwisho kabisa kando ya msitu, alikuwa akifikiri kwa pamoja na wenzake kama pale. Wazee waliokuwa wakisubiri kamati walianza kujibu nao, na bibi mmoja alimkemea Nyambura kwamba amemruka mjukuu wake. Somo lilikuwa na kasoro. Mtoto mmoja alizidisha vibaya na hakusahihishwa. Ningemwondolea alama kwa hilo.

Bwana Hatua alisimama ukingoni mwa lile shamba, viatu vyake vikizama polepole.

"Mwalimu, andalio lako la somo liko wapi?"

"Liko darasani, Bwana. Wanafunzi ndio wako hapa."

"Waite warudi darasani tuanze."

"Siwezi kuwaita. Mtu akitoka hapa, kigingi inachukuliwa."

"Ni kwa kipindi kimoja tu."

"Bwana, hao watu unaona pale nyuma ya kamati hawangoji kipindi. Wanangoja nafasi."

"Mwalimu, unaelewa kwamba unatahiniwa?"

"Naelewa sana. Ndiyo maana nafundisha."

Mtahini wa pili, mama mmoja mpole kutoka makao makuu, alitabasamu kwa hilo, kisha akatazama chini. Bwana Hatua aliwageukia watoto mwenyewe. Alipiga makofi na kuwaita kwa sauti ya mkuu wa shule. "Darasa la tano! Wote, njooni!" Hakuna aliyeinua mguu. Njeri, yule wa kando ya mto, alikikumbatia kigingi chake kwa mikono miwili na kuanza kulia, lakini hakuondoka. Mwenyekiti alimtazama Nyambura kana kwamba yeye ndiye aliyewafundisha uasi huo, akarudi kwenye gari.

Jioni hiyo jopo lilikaa Eldoret. Nilisema yote niliyoweza kusema. Nilieleza maswali yalivyopangika, namna yalivyoanza na upande mmoja wa shamba na kuishia kwenye umbo lililopinda, sawasawa na lile andalio lililokuwa mezani chini ya jiwe. Niliomba apangiwe tarehe nyingine.

"Mimi sikuona somo," Bwana Hatua alisema. "Niliona watoto shambani."

"Ungekaa kidogo ungeliona."

"Bwana Kiprop, tukimpitisha huyu, kesho kila mmoja atatuambia darasa lake limekwenda kuchunga mbuzi. Na alikataa agizo la jopo. Hilo unalikana?"

Sikulikana. Yule mama mpole aliandika kitu kwenye karatasi yake. Baadaye, kwenye ukumbi wa nje, alinishika mkono. "Ulikuwa na haki kabisa," aliniambia. "Kabisa." Nataka mkumbuke sauti hiyo, kwa sababu mtaisikia mara nyingi. Ni sauti ya watu wanaokuunga mkono mlangoni. Chumbani mlimokuwa na kura, haikuwamo.

Nyambura alianguka. Muhula mpya ulipoanza, aliletewa barua ya kumwachisha, na darasa la tano likapewa kijana mwenye cheti aliyeshinda akitafuta uhamisho hadi akaupata. Nilikwenda kwake kumpa pole. Alikuwa akipanda viazi, na hakusimama.

"Watoto wote walipata mashamba," aliniambia. "Hakuna hata mmoja aliyenyang'anywa."

"Nimefurahi, Mwalimu."

"Mimi pia. Sasa usiniite hivyo tena. Unaniletea matatizo na Chuo."

Niliendelea na kazi. Mtu huendelea. Elkana alistaafu, makampuni mengi yakavunjwa baada ya kugawa, mabanda yakawa shule za mawe. Bwana Hatua alipanda cheo hadi uprofesa, na mwaka mmoja alikuja Eldoret kufungua mafunzo ya likizo. Ukumbi ulijaa. Alizungumza kuhusu kuutoa ualimu nje ya kuta nne, akatoa mfano. Katika miaka yake ya utafiti huku nyanda za juu, alisema, alibuni mbinu ya kufundisha eneo kwa kuwasimamisha watoto uwanjani, kila mmoja na kijiti chake, swali likipokezanwa kutoka kwa mtoto hadi kwa mtoto. Alieleza hata lile umbo lililopinda kwa maji. Walimu waliandika haraka haraka. Walipiga makofi.

Nilisimama. Nilisema kwamba mwalimu aliyefundisha somo hilo anaitwa Nyambura, kwamba nilikuwapo, na kwamba aliyekuwa mwenyekiti wa jopo ndiye aliyemwangusha kwa ajili ya somo hilo hilo.

Profesa alicheka kwa upole, kama baba. "Mwenzetu Kiprop ana moyo wa huruma, na amefanya kazi kwa muda mrefu. Tuendelee."

Wakaendelea. Wakati wa chai watu walisimama mbali kidogo nami, wakiwa na vikombe vyao. Kijana mmoja tu alinijia, nami nikadhani anataka kujua habari za Nyambura. Aliniuliza kama vijiti vinapaswa kuwa vya urefu sawa. Mwisho wa mwaka ule niliacha kazi, ingawa umri wangu ulikuwa bado unaniruhusu kukaa. Hakuna aliyenifukuza. Sikuweza tena kukaa kando ya dirisha.

Mbinu hiyo sasa imo katika mafunzo yenu. Mkaguzi akitangaza ziara, watoto hupangwa uwanjani na vijiti vyao na kukaririshwa la kupokezana. Nimeziona shule zinazofanya hivyo. Mtoto wa mwisho anachezea kidole chake cha mguu.

Nilimfuata Nyambura katika soko la Burnt Forest, mbele ya rundo la viazi, amenenepa kidogo, ulimi ni ule ule. Nilimweleza yote, na nikamwambia jambo moja zaidi: kwamba nimeulizia, na kwamba mtu aliyeanguka zamani anaweza kuomba kutahiniwa upya. Nilikuwa tayari kumwandikia na kumtolea ushahidi. Cheti chake kingeweza kupatikana.

Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo hakulizoea.

"Na huko kwake," aliuliza, "hao watoto na vijiti vyao. Alisema wanalinda nini?"

"Hakusema. Ni vijiti tu."

"Hakuna mtu nyuma anangoja mtoto atoke?"

"Hakuna."

Alilitikisa gunia viazi vishuke, akalifunga mdomo kwa kamba, akaivuta kwa nguvu.

"Basi hao wake wanaweza kurudi darasani saa yoyote, Mzee," alisema. "Wangu hawangeweza."

Akamgeukia mteja aliyekuwa akisubiri.